Kwa nini kisanduku cha mamangu hakina kitufe cha kuruka wimbo

Mwaka juzi nilimfanyia mamangu wema ambao hakuuomba. Babangu, Mungu amrehemu, alituachia katoni mbili za kaseti za taarab, 64 kwa jumla, na kwa kuwa mimi ni fundi wa simu na redio hapa Malindi, nilijiona ndiye mtu wa kuziokoa. Nikazinakili zote kwenye kompyuta, nikazitia kwenye simu mpya yenye skrini kubwa, nikampelekea nyumbani Shela. Nyimbo zimepangwa kwa majina ya waimbaji, na spika yake pembeni. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Akasema, ahsante mwanangu.

Baada ya miezi miwili niliikuta ile simu juu ya kabati, betri imekwisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama picha ya marehemu.

"Mama, kwani husikizi?"

"Nisikize nini? Simu yako yaimba kama mtu anayekimbizwa."

Akanieleza. Wajukuu wakija hugusa kioo, wimbo ukaruka. Ujumbe ukiingia, sauti hushuka katikati ya ubeti. Yeye mwenyewe macho yana mtoto wa jicho, na kioo chote ni laini sawasawa, hajui wapi pa kushika. Kisha akaniuliza swali lililonikosesha usingizi: "Na pale babako anapokohoa, umepatupa wapi?"

Sikuwa najua kuna mahali baba anakohoa. Mamangu akasema, kwenye kaseti moja ya harusi, upande wa pili, baada ya wimbo wa mwisho kuna kimya kirefu, watu wanafunga vyombo, halafu baba anakohoa na kusema maneno mawili matatu. Redio-kaseti ilisahauliwa ikiwa inanasa. Miaka yote yeye huuacha upande ule ucheze hadi mwisho kwa ajili ya hapo. Mimi nilipokuwa nanakili niliiambia programu ikate kila palipo na kimya cha zaidi ya sekunde 5, na mabaki yaliyo chini ya dakika moja iyafute. Kazi ya kaseti 64 ilikuwa nyingi, nikataka wepesi. Kikohozi cha babangu kikahesabiwa mabaki.

Na zile kaseti zenyewe? Nilizirudisha katoni, nikaziweka kwenye stoo ya nyuma, chini ya makuti yanayovuja. Nitarudi hapo.

Nilivyofikiria maneno ya mamangu, niliona kosa langu halikuwa simu peke yake. Nilichukua muziki wa aina moja nikautia ndani ya chombo kilichoundwa kwa ajili ya tabia nyingine. Taarab yetu haikutungwa isikizwe nusu. Shairi la mizani 16 hugawika vipande viwili, 8 kwa 8, na mwimbaji hukirudia kipande mara mbili, pengine mara tatu, kabla hajakifunga. Kati ya ubeti na ubeti vyombo vyashika zamu: udi, fidla, tabla, au ile taishokoto yenye vitufe kama vya taipureta, iliyotoka Japani ikawa mwenyeji Mombasa. Hapo ndipo msikilizaji hupewa nafasi ya kuuliza: huyu njiwa anayelaumiwa ni njiwa kweli, ni mke wa mtu, ama ni diwani wetu? Fumbo huanza kufunguka ubeti wa tatu au wa nne, na mara nyingine hufunguka katika mshororo wa mwisho kabisa, ukalazimika kuurudia wimbo wote kichwani kwa maana mpya. Ukiruka baada ya ubeti wa kwanza, umesikia sauti nzuri na hukuambiwa kitu.

Pale dukani kwangu nawaona wateja wakijaribu spika. Sekunde 15 za wimbo huu, sekunde 10 za ule. Siwalaumu, nami hufanya hivyo hivyo. Kidole kikishajua kwamba kuna wimbo mwingine karibu, hakitulii.

Lakini tusijidanganye kwamba zamani watu walikuwa na subira kwa sababu walikuwa watu wema zaidi. Chombo ndicho kilichowashika. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, sahani ya santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu. Wimbo uliokuwa ukiimbwa usiku kucha ulilazimika kufupishwa au kugawiwa pande mbili. Mwenye gramafoni aliizungusha kwa mkono, akabadilisha sindano, akageuza sahani. Huwezi kufanya hayo yote kisha ukaondoka kabla wimbo haujaisha.

Halafu ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, na kwa maoni yangu hicho ndicho chombo kilichoipenda taarab kuliko vyote. Utepe hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde; upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni nusu saa, karibu mita 86 za utepe. Mwimbaji akapata nafasi ya kumaliza beti zake zote. Kaseti za Mbwana Radio Service wa Mombasa zilifika mpaka vijijini, na harusi za huku zikanaswa na yeyote aliyekuwa na redio-kaseti na betri nne. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na Zein l'Abdin na udi wake, wengi wetu tuliwajua kwa njia hiyo. Kuruka wimbo kuliwezekana, lakini ilikuwa kazi: ubonyeze, ukisie, usimamishe, umepita, urudi. Au uzungushe kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri. Kwa hivyo watu waliuacha wimbo uende.

Nikajiuliza kama naweza kumtengenezea mamangu chombo kinachoishika taarab kama kaseti ilivyoishika, bila utepe unaoliwa na ukungu.

Wazo la kukipa sauti mwili wa kushika si langu. Mwaka 1992 pale Royal College of Art, London, mbunifu Durrell Bishop alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu ambapo kila ujumbe hudondosha gololi moja. Ukitaka kuusikia, unaichukua gololi na kuiweka kwenye kishimo chake. Ujerumani wanauza tangu 2016 kisanduku cha watoto kiitwacho Toniebox: mtoto aweka sanamu ndogo juu yake, hadithi yaanza. Lakini kilichonigusa zaidi ni Olly, kazi ya William Odom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Canada. Hicho ni chombo cha mbao chenye sahani ya duara. Hukumbuka nyimbo alizowahi kusikiza mwenyewe, na mara moja moja huutoa mmoja wa zamani. Hakiupigi. Sahani yaanza tu kuzunguka taratibu, na kasi yake hutegemea wimbo ule ni wa zamani kiasi gani. Mwenyewe akitaka kuusikia, aiguse na kuizungusha. Asipotaka, wimbo wapita na hajui ulikuwa upi. Waliviweka nyumbani kwa watu muda mrefu, zaidi ya mwaka, ili waone watu watakavyokizoea. Mimi nilipenda hicho kipengele kimoja: kwamba chombo chaweza kungoja.

Nilianza vibaya. Kisanduku changu cha kwanza nilikitia mkono wa kuzungusha, kama gramafoni. Uzungushe mara 20 ndipo wimbo uanze. Nilidhani mtu akifanyia wimbo kazi atauheshimu. Mamangu aliuzungusha mara nne, akaushika mkono wake wenye baridi yabisi, akanitazama.

"Wanipa nyimbo ama wanipa adhabu?"

Nikauondoa. Kuna ugumu unaomtuliza mtu na kuna ugumu unaomtesa, na mbunifu kijana, mwenye viungo vizima, havitenganishi vizuri.

Kisanduku cha pili ndicho alichonacho hadi leo. Kina ukubwa wa mkate wa boflo mbili zilizolazwa pamoja. Mbao ni ya mwarobaini, ambao wachongaji wa Malindi wanauzoea zaidi siku hizi kwa kuwa muhuhu umeadimika, na una harufu ambayo mende hawaipendi. Mbele kuna spika niliyoitoa kwenye redio kuukuu. Juu kuna kishimo kimoja cha duara, na pembeni kirungu cha kuongeza na kupunguza sauti. Basi. Hakuna skrini, hakuna taa, hakuna intaneti, hakuna bluetuthi.

Nyimbo ziko kwenye kete. Seremala wa mtaani alinikatia vipande vya duara vya upana wa kama sentimita 4, na juu ya kila kimoja tukachonga alama ya kupapasa: samaki, kome, jani la mnazi, mwezi, jahazi, ukili. Mamangu hahitaji macho. Atia mkono kikapuni, apapasa, asema "hii ndiyo ya Zuhura," na huwa hakosei. Kete ikikaa kwenye kishimo wimbo waanza. Ikiinuliwa, sauti yafifia kwa sekunde 5 na kunyamaza.

Ndani yake hakuna uchawi. Chini ya kila kete nimebandika kibandiko chenye koili nyembamba na chipu, jamii moja na kadi za kufungulia milango katika hoteli zetu. Hakina betri. Kisomaji kilicho chini ya kishimo chatoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, koili yapata nguvu kutoka kwa mawimbi hayo hayo, na chipu yajibu kwa kutaja nambari yake. Masafa yake ni sentimita mbili tatu, kwa hivyo kete za kikapuni haziingiliani. Ubao mdogo wa Arduino wasoma nambari na kuuamuru ubao mwingine wa kuchezea muziki: fungua folda 17. Nyimbo ziko kwenye memori kadi ya GB 32. Betri niliichomoa kwenye kompyuta mbovu, ili stima ikipotea, kama ilivyo desturi, mama asikose wimbo wake. Vifaa vyote havikunifikisha shilingi 4,000, lakini nilikuwa na vyuma chakavu vyangu, na kazi ya seremala tulilipana kwa kumtengenezea simu.

Jambo moja lililotokea kwa bahati ndilo mama alipendalo kuliko yote. Ule ubao wa bei nafuu haujui kuanzia katikati ya faili. Ukiukatiza wimbo, lazima uanze mwanzo. Kwa wimbo wa dakika 12 hiyo ni kero, maana adhana yaadhiniwa, mgeni yuaja, maziwa yanafurika jikoni. Kwa hivyo nilikaa usiku kadhaa nikiukata kila wimbo beti beti, ubeti mmoja faili moja, zote katika folda yake. Sasa mama akiinua kete katikati, kisha akairudisha, wimbo waanza upya ule ubeti aliouachia, si katikati ya neno. "Kama mtu aliyekatizwa na adabu yake," alisema, "arudi mwanzo wa maneno yake." Kati ya faili na faili pana mwanya mdogo kama kupepesa jicho. Nimeuacha.

Wimbo ukiisha, kisanduku chanyamaza. Hakiendi kwa mwingine chenyewe. Hilo ndilo tulilogombana nalo zaidi nyumbani. Dadangu alisema hicho ni kisanduku cha watu wasio na kazi. Yeye akiwa anakanda unga wa mahamri hawezi kuinuka kila dakika 10 na mikono ya unga kubadilisha kete. Ana haki. Tukatengeneza kete 3 kubwa zaidi, za mraba, ambazo kila moja ni upande mzima wa kaseti, nusu saa. Hizo ni za jikoni. Za duara ni za barazani, baada ya Isha, kahawa ikiwa tayari. Na kitufe cha kuruka alichokiomba mpwa wangu, sikukitia. Ukiuchoka wimbo, uinue kete. Mkono wako wajua umeukatiza.

Niliwahi pia kuamini kwamba kisanduku hiki chafaa kila mtu, mpaka nilipompelekea rafiki yangu Mgiriama, upande wa Kilifi, nikiwa nimekitia nyimbo za ngoma za kwao alizozirekodi mwenyewe kwa simu. Babake alisikiza wimbo mmoja kwa heshima, mikono magotini. Kisha akauliza, sasa nani acheze? Mwanzele hausikizwi kwa kukaa, akasema. Ukikaa kimya mbele ya mwanzele umeufanya maiti. Tukaenda nje, tukaiunganisha simu na spika kubwa, na mzee akasimama. Kisanduku nikarudi nacho. Utulivu ninaousema ni wa muziki wa maneno na mafumbo. Sitaki kuuza kimya kwa watu ambao muziki wao ni wa miguu.

Kuhusu kuuza: kuna wasomaji ambao tayari wamenifikia wakitaka kisanduku pamoja na nyimbo zake. Kisanduku kitupu naweza kukutengenezea. Nyimbo, hapana. Sheria ya hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na wengi wa watunzi hawa wana watoto na wajukuu hapa hapa mjini. Lete kaseti zako mwenyewe, nitakuonyesha jinsi ya kuzinakili kwa matumizi ya nyumbani.

Na uzilete upesi, maana hewa yetu ya chumvi haisubiri. Kisomaji cha kisanduku cha mama kilishika kutu kusi moja tu. Nilikisafisha na kuupaka ubao rangi ya kucha isiyo na rangi, ndipo kikatulia. Kaseti ziko hatarini zaidi. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, huo ni ukungu. Usiicheze kwanza. Isogeze mbele hadi mwisho na irudishe, utepe upate kuachana. Safisha kichwa cha redio-kaseti kwa pamba na spiriti kabla ya kila upande. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo: izungushe kidogo kidogo huku ukisikiza, mpaka sauti ya "s" katika kinywa cha mwimbaji itoke safi. Hiyo skrubu ndiyo tofauti ya kaseti iliyo hai na kaseti inayodhaniwa imekufa. Nasa bila kubana: kila upande wa nusu saa wapita MB 300, hivyo pande zangu 128 zilipita GB 40, na hizo nimeziweka kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti. Za kwenye kisanduku ndizo nilizobana. Wala usiiruhusu programu ikukatie kimya.

Sasa ile kaseti. Nilipoziteremsha katoni kutoka stoo, ya chini ilikuwa imelowa. Kaseti 9 ndani yake zilishikana. Ya harusi haikuwa na jina, kwa hivyo sikujua ni ipi, na ilibidi nizisikize upande wa pili wa kila moja hadi mwisho, kimya chake chote, moja baada ya nyingine, usiku baada ya kufunga duka. Zilinichukua wiki tatu. Niliipata katika zile zilizolowa. Gamba lilikuwa limepinda. Niliufungua utepe nikauhamishia kwenye gamba lingine la skrubu, nikaukausha, nikaucheza mara moja tu nikiwa tayari kunasa.

Wimbo unaisha. Viti vinaburutwa. Mtu anacheka mbali. Dakika 4 na nusu za kimya, chenye upepo ndani yake. Kisha babangu anakohoa na kusema, "Bado iko? Haya, iache, iache." Halafu utepe unaisha.

Nilimwambia mama nitamchongea kete ya peke yake, yenye yale maneno tu, ili aweze kuyasikia wakati wowote bila kungoja. Akakataa. Aliipapasa ile kete ya mraba ya upande mzima, ambayo seremala ameichonga kinu na mchi, akaiweka kishimoni, wimbo wa kwanza ukaanza.

"Aje kwa zamu yake," akasema. "Nusu saa si nyingi."

Zimebaki kaseti 8 zilizoshikana. Nimeanza kuzifungua moja moja.